Metali isiyoyeyuka, nami nimeiyeyusha

Siku yangu ya kwanza kushika tochi ya TIG, ile ya kuchomelea kwa tao la umeme lililozungukwa na gesi, sikumaliza hata dakika moja kabla ya kuharibu elektrodi. Mkono ulitetemeka, ncha ikazama kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka, na tao la umeme lililokuwa limetulia likaanza kurukaruka kama mwali wa mshumaa dirishani. Mwalimu wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alizima mashine, akachomoa ile fimbo nyembamba, akaibana kwa koleo mbili na kuipinda. Haikupindika. Ilikatika, tak, kama chaki. Ncha iliyochafuka ikadondoka sakafuni. Kilichobaki akanirudishia mkononi.

"Kanoe tena."

Nilisimama pale nikikitazama kile kipande. Asubuhi hiyohiyo mzee alikuwa ametuambia kwamba tunatumia tungsteni kwa sababu hakuna metali inayoishinda kwa kustahimili joto. Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, wakati chuma kimeshakuwa majimaji tangu 1,538. Na sasa shujaa huyo amekatwa kwa koleo! Niliamua moyoni kwamba tumeletewa elektrodi bandia.

Hazikuwa bandia. Miaka imepita, nimeharibu nyingine nyingi, na sioni haya kusema kwamba karibu kila ninachokijua kuhusu metali hii nimekipata kwa kuiharibu.

Nianze na uzito, maana ndicho kitu mkono unachokitambua kabla ya akili. Elektrodi ninayoitumia zaidi ina kipenyo cha milimita 2.4 na urefu wa milimita 150. Ni nyembamba kuliko penseli, lakini ina gramu 13 hivi, wakati kipande cha chuma cha ukubwa huohuo hakifiki hata gramu 6. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ni gramu 19.3. Risasi, ambayo sote tumezoea kuitolea mfano wa uzito, ni gramu 11.3 tu. Kitu kinacholingana nayo sawasawa ni dhahabu. Wezi wanalijua hilo: wapo waliotoboa matofali ya dhahabu, wakayajaza tungsteni ndani na kuyaziba, na mizani haikusema kitu. Hata hila ya zamani ya kuzamisha kitu majini na kupima ujazo wake haisaidii hapo. Wapimaji hupitisha mawimbi ya sauti ndani ya tofali, kwa sababu sauti hukimbia kwa kasi zaidi kwenye tungsteni kuliko kwenye dhahabu.

Uzito huo una sababu, na mimi niliifahamu nikiwa mtu mzima, nikipitia vitabu vya kemia ambavyo shuleni nilivikimbia. Tungsteni ni elementi namba 74, moja ya metali za mpito, zile zinazokaa katikati ya jedwali la elementi. Juu yake kwenye safu hiyohiyo ipo molibdeni, na juu ya molibdeni ipo kromi. Ungetarajia atomu ya tungsteni iwe kubwa kuliko ya molibdeni, kwa kuwa inabeba elektroni nyingi zaidi. Wapi! Zinakaribia kulingana kabisa. Kati ya hizo mbili jedwali limepitia elementi 14 za lanthanidi, na katika safari hiyo kiini cha atomu kimeongeza protoni bila elektroni mpya kuweza kuukinga vizuri mvuto wake. Kwa hiyo kiini kinavuta kila kitu ndani. Atomu inabaki na ukubwa uleule huku uzito ukikaribia mara mbili, kutoka 96 hadi 184. Ni kama sanduku lilelile la nguo ambalo mtu amelikalia na kulijaza upya.

Na kutoyeyuka je? Hapo ndipo penye utamu. Atomu ya tungsteni ina elektroni sita za nje, na zote sita huingia kwenye kazi ya kushikana na majirani. Ukienda kushoto kwenye mstari wake wa jedwali, elementi zina elektroni chache za kushikania. Ukienda kulia, elektroni zinazidi, lakini zile za ziada zinalazimika kukaa kwenye nafasi ambazo badala ya kuvuta atomu pamoja zinazisukuma mbali. Tungsteni iko karibu na kilele cha mlima huo. Tembea hatua sita tu kwenda kulia, kutoka 74 hadi 80, unafika kwa zebaki, metali ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Mstari mmoja wa jedwali, majirani wa karibu, mmoja humwagika mezani na mwingine ndani ya tao la umeme haondoki mahali pake. Nikikutana na mtu anayedhani jedwali la elementi ni orodha ya kukariri, humwonyesha huo mstari.

Sasa turudi kwenye koleo za mzee. Metali laini kama shaba hupindika kwa sababu tabaka za atomu ndani yake zinaweza kuteleza, moja juu ya nyingine, bila kuachana. Tungsteni ikiwa baridi, atomu zimekamatana kwa nguvu kiasi kwamba huko kuteleza kunakataa. Ukiilazimisha, haina pa kutoa nafasi, na ufa unapita kwenye mipaka kati ya punje na punje, vile vijifuwele vinavyoiunda metali. Ipashe moto mamia ya nyuzi, itakubali kupinda. Kwa hiyo kile kilichonifanya nimdhanie muuzaji kuwa tapeli ndicho kilekile kinachoifanya isiyeyuke.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na nilikuwa nimeshajiona fundi. Nilifunga nyaya za mashine haraka asubuhi moja, nikaweka ampea 110, nikagusa kanyagio. Badala ya tao jembamba, ncha ya elektrodi ilivimba, ikawa tufe linalong'aa, likaning'inia, kisha likadondoka kwenye kazi niliyokuwa nachomelea. Metali isiyoyeyuka ilikuwa imeyeyuka mbele ya macho yangu kwa sekunde kama mbili.

Nilikuwa nimegeuza nyaya. Kwa umeme wa mkondo mmoja elektrodi inatakiwa iwe upande wa hasi, ili elektroni zitoke kwenye tungsteni na kwenda kugonga kazi unayochomelea. Zinapogonga ndipo zinapomwaga joto: takriban theluthi mbili ya joto lote huishia kwenye kazi. Na kila elektroni inayochomoka kwenye ncha huondoka na joto kidogo, kama jasho linavyoupoza mwili. Ukigeuza nyaya, mvua yote ya elektroni inapiga ncha yenyewe. Tao la TIG hupita nyuzi 6,000 bila taabu, kwa hiyo zile 3,422 si ukuta. Nilikuwa nimeamini kwamba tungsteni haiyeyuki kwa sababu ni ngumu. Kumbe haiyeyuki pia kwa sababu tumejipanga vizuri, umeme tumeuelekeza mbali nayo, tukaizungushia gesi.

Gesi ndiyo kosa la tatu, na hili hulifanya hata leo nikiwa nimechoka. Ukimaliza mshono unatakiwa uiache tochi palepale sekunde kadhaa, ile gesi, argoni, iendelee kupuliza hadi ncha ipoe. Ukiinyanyua mapema, ncha inayong'aa inakutana na hewa na kubadilika papo hapo: rangi ya fedha inatoweka, unapata buluu, zambarau, kisha weusi, na ukizidisha uzembe unaona ungaunga wa manjano. Hiyo ni oksidi. Tungsteni inayoshinda joto lote la dunia haivumilii oksijeni ikiwa ya moto. Kuanzia nyuzi 500 hivi inaanza kuliwa.

Na ndiyo maana balbu ilihitaji kioo. Wengi hudhani kioo cha balbu ya zamani kipo ili kisitukate au kisimwage mwanga ovyo. Kipo ili hewa isiingie. Ule waya uliojiviringa ndani yake ni tungsteni iliyopashwa moto hadi nyuzi 2,500 hivi, na kama umewahi kuona balbu inayowaka ikipasuka, uliona waya ukitoa moshi na kukatika mara moja. Waya huo ukiunyoosha unapita nusu mita, lakini ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ukiwa baridi ukinzani wake wa umeme ni mdogo mara kumi na zaidi kuliko ukiwa moto, ndiyo sababu balbu nyingi zilikuwa zinakufa palepale unapobonyeza swichi: umeme unaingia kwa kishindo kabla waya haujapata moto wa kuuzuia.

Lakini jiulize: metali inayokatika kama chaki, nani alipata waya mwembamba hivyo? Swali hili lilinikosesha usingizi, kwa maana nzuri.

Kwanza, huwezi kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu kama chuma. Chombo gani utaiyeyushia, kama chombo chenyewe kitayeyuka kwanza? Kwa hiyo hupatikana kama unga. Oksidi ya tungsteni hupashwa moto ndani ya hidrojeni, hidrojeni inanyakua oksijeni na kuondoka nayo kama mvuke wa maji, kinabaki kiungaunga cha kijivu. Unga huo unashindiliwa kwa mgandamizo mkubwa kuwa fimbo, halafu fimbo inapashwa moto hadi punje zishikane bila kuyeyuka. Mwaka 1904 Sándor Just na Franjo Hanaman walipata hataza ya balbu yenye waya wa tungsteni. Balbu zao zilitoa mwanga mzuri kuliko zile za kaboni, ila waya ulikuwa dhaifu, ukiitikisa balbu umeikosa.

William Coolidge, aliyekuwa kwenye maabara ya General Electric kule Marekani, ndiye aliyelifungua fundo, kufikia mwaka 1910. Alizipasha moto zile fimbo, akazifua kwa nyundo za mashine zinazogonga haraka kutoka pande zote, akashusha joto kidogo kidogo kadiri fimbo ilivyozidi kuwa nyembamba, kisha akazivuta kupitia matundu ya almasi. Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Fundi yeyote anajua kwamba chuma ukikigonga kinakakamaa, ukikipasha moto na kukiacha kipoe kinalainika. Tungsteni ni kinyume! Kuigonga ikiwa na joto linalofaa kunazirefusha punje zake kuwa kama nyuzi za kamba, na waya unapata kupindika hata ukiwa baridi. Ukiipasha moto kupita kiasi, punje zinajipanga upya kuwa za mviringo, na udhaifu unarudi. Ncha ya elektrodi yangu, iliyokwisha kupigwa na tao mara mia, hukatika kirahisi kuliko upande wa pili ambao haujawahi kuona moto. Nilikuwa nimeliona hilo kwa mikono miaka mingi nikidhani ni bahati tu.

Coolidge alipewa hataza mwaka 1913. Mwaka 1928 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaifuta sehemu iliyohusu tungsteni yenyewe, kwa hoja kwamba kupindika ni sifa ya asili ya metali hiyo, na sifa ya asili haimilikiwi na mtu. Kwa upande wa sheria pengine walikuwa sahihi. Mimi ningependa majaji wale wangepewa kwanza koleo mbili na elektrodi moja.

Zile almasi za kuvutia waya zilikuwa ghali, na watengenezaji wa balbu wakatafuta kitu kingine kigumu cha kuzibadilisha. Mwaka 1923 Karl Schröter, wa kampuni ya Osram ya Ujerumani, alichanganya unga wa kabaidi ya tungsteni, yaani tungsteni iliyoungana na kaboni, na kobalti kidogo, akaupasha moto. Kobalti ikayeyuka na kuzigandisha punje kama saruji inavyoshika kokoto. Kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani ya "kama almasi". Kwa hiyo ugumu wa kuivuta tungsteni kuwa waya ndio uliomzaa mtoto mgumu kuliko mama yake. Leo zaidi ya nusu ya tungsteni yote hutumika kutengeneza kabaidi, na balbu zimebaki kumbukumbu. Wakerezaji ninaofanya nao kazi hawasemi hata neno tungsteni. Husema tu "kabaidi", na meno yao yote ya kukatia ni hayo. Ile kidoti inayoviringika kwenye ncha ya kalamu ya wino mara nyingi ni kabaidi hiyohiyo, kwa hiyo huenda umeitumia tungsteni leo bila kujua.

Kabla ya kabaidi kulikuwa na feleji ya kukatia kwa kasi, ile ya Wamarekani Taylor na White iliyoonyeshwa Paris mwaka 1900, ambayo kwa sababu ya tungsteni iliyomo iliweza kuendelea kukata chuma huku ncha imeiva nyekundu. Ningeweza kukaa hapo siku nzima, ila niache.

Nitasema jambo moja ambalo sikuambiwa mapema nami ningependa niambiwe. Elektrodi zenye rangi nyekundu mwishoni zina asilimia 2 hivi ya oksidi ya thoriamu. Iliongezwa kwa sababu nzuri: elektroni huchomoka kwa urahisi zaidi, tao linawaka haraka na ncha haipati joto sana. Lakini thoriamu ni nururifu. Kuishika fimbo si tatizo kubwa. Tatizo ni vumbi la kunolea, likiingia mapafuni linakaa humo. Kwa muda mrefu nilinoa nyekundu kwenye jiwe bila kuvaa chochote puani, nikipuliza vumbi kwa mdomo ili nione ncha vizuri. Kwa mdomo! Siku hizi natumia za buluu, zenye lanthanamu, ambazo kwangu zinafanya kazi vilevile au vizuri zaidi, na mtu akinishauri nirudi kwenye nyekundu kwa sababu ya mazoea, humwacha azungumze. Na ukinoa, noa kwa urefu, mikwaruzo ielekee kwenye ncha. Ukinoa kwa kuzungushia, mikwaruzo inakaa kama pete na tao linatangatanga.

Nje ya karakana metali hii inafanya kazi zilezile: inakaa pale ambapo vingine vinakimbia. Ndani ya mashine ya eksirei elektroni hupigwa kwenye shabaha ya tungsteni, na karibu asilimia 99 ya nguvu hiyo inageuka joto tupu. Ile moja inayobaki ndiyo picha ya mfupa wako. Kule Cadarache, Ufaransa, kwenye mtambo wa ITER wa kuunganisha viini vya atomu, sakafu inayopokea mabaki ya moto wa plasma, ile gesi yenye joto kali mno, imepangwa iwe ya tungsteni. Na kuna kiumbe kidogo sana kiitwacho Pyrococcus furiosus, kinachopenda maji ya karibu nyuzi 100, ambacho vimeng'enya vyake vinaihitaji tungsteni. Hakuna elementi nzito kuliko hiyo inayojulikana kuwa na kazi katika mwili wa kiumbe hai. Hilo nalo nililisoma mara tatu kabla ya kuliamini.

Jana binti yangu alikuwa anakariri alama za elementi. Alifika kwenye W akasimama.

"Mama, tungsteni haina W hata moja. Mbona wameandika W?"

Nikamwambia. Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1781, alipata asidi mpya kwenye jiwe ambalo Waswidi waliliita tung sten, maana yake jiwe zito. Mwaka 1783 ndugu wawili Wahispania, Juan José na Fausto Elhuyar, wakaitoa metali yenyewe mjini Bergara kwa kuichoma oksidi yake pamoja na makaa. Lakini wao walianza na jiwe jingine, wolframi, jina la Kijerumani lenye mbwa mwitu ndani yake. Wayeyushaji wa bati wa zamani walikuwa wanalichukia jiwe hilo: likichanganyika na madini ya bati, bati linapungua kwenye tanuri, wakasema linalilamba bati kama mbwa mwitu anavyomla kondoo. Jina moja likaenda kwenye lugha za watu, jingine likabaki kwenye alama. Na Waswidi, wenye neno lao la jiwe zito, leo wenyewe wanaiita volfram.

Akacheka sehemu ya mbwa mwitu. Akataka kuiona. Kile kipande ambacho mzee alinirudishia siku ile bado ninacho. Kimenolewa hadi kimebaki sentimita nne, kifupi mno kwa tochi yangu, sasa nakitumia kuchorea mistari kwenye chuma kabla ya kukata. Nikampa.

"Mbona kizito hivi?"

Alikigeuza mara mbili tatu, akatafuta kipande cha feleji kilichobaki kwenye meza ya kazi, akabana ulimi kati ya meno, akaandika juu yake W kubwa yenye mikia.

"Kanoe kwanza," nikamwambia. "Ncha imechoka."